Kihisi kimebandikwa kifuani kwa mgonjwa. Nani yuko macho upande wa pili?

Barua ya wazi kwa mawaziri wa afya, wakuu wa hospitali, wasimamizi wa bima za afya na wote wanaotia saini ununuzi wa vifaa vya kufuatilia wagonjwa wakiwa nyumbani

YAH: VIHISI VYA KUVAA NA WATU WA KUVIJIBU

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni muuguzi. Sehemu kubwa ya kazi yangu siku hizi ni kukaa mbele ya skrini nikisoma mapigo ya moyo, presha, oksijeni na sukari za watu waliolala kwenye vitanda vyao wenyewe, mbali na wodi. Ninalo ombi moja, na nalitanguliza lisije likamezwa na maelezo: msinunue kihisi hata kimoja kabla hamjamwajiri mtu wa kukijibu. Mgonjwa anapovalishwa kifaa, apewe karatasi inayosema nani anapokea vipimo vyake, saa zipi, na ndani ya dakika ngapi atapigiwa simu hali ikibadilika. Mkikosa jibu la swali lolote kati ya hayo, acheni kifaa kwenye boksi lake.

Msinielewe kwamba navikataa vifaa hivi. Navitaka sana. Mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu sawasawa hujaa maji taratibu. Uzito hupanda siku kadhaa kabla hajaanza kukosa pumzi, na ndiyo maana kila mgonjwa wa moyo tunamfundisha kwamba akiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, asisubiri. Mzani unaotuma namba wenyewe huiona hatari hiyo mapema, hata kama mwenyewe hajisikii vibaya. Mwenye kisukari aliyebandikwa kihisi mkononi hupata kipimo kila baada ya dakika chache, usiku na mchana, na mzazi anaweza kuona sukari ya mwanawe inashuka wakati mtoto yuko usingizini hana habari. Kwa aliyewahi kuamka mara tatu usiku kumtoboa mtoto kidole, hilo ni jambo kubwa mno.

Halafu ilikuja UVIKO-19, ikatufundisha kwamba mtu anaweza kuongea nawe vizuri kwenye simu, akamaliza sentensi zake, akakutania, huku oksijeni kwenye damu yake imeshuka hadi kiwango ambacho angekuwa wodini tungemkimbilia na mtungi. Mwisho wa mwaka 2020 huko Uingereza walianza kuwagawia wagonjwa wa UVIKO-19 vipima oksijeni vya kubana kidoleni, pamoja na daftari la kuandikia vipimo na utaratibu wa kuwapigia simu kuwajulia hali. Daftari la karatasi, na simu ya kawaida. Naomba mvitazame vitu hivyo vitatu kwa pamoja, kwa sababu kifaa kilikuwa kimojawapo tu.

Na kutuma kipimo kwa mbali si jambo la jana. Mwaka 1905 mwanafiziolojia wa Uholanzi, Willem Einthoven, aliwaunganisha wagonjwa waliokuwa hospitalini Leiden na maabara yake iliyokuwa umbali wa kama kilomita 1.5, kwa waya wa simu, akachora mapigo ya mioyo yao bila kuwaona. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Norman Holter wa Marekani alirusha mchoro wa mapigo ya moyo kwa redio, kwa mtambo wa kubeba mgongoni wenye uzito wa takriban kilo 38. Leo kazi hiyohiyo inafanywa na kibandiko kinachofichika chini ya shati. Kwa hiyo mtu akija ofisini kwenu kuwaambia kwamba maajabu yake ni kutuma mapigo ya moyo hewani, mkumbukeni Einthoven. Kutuma kuliwezekana zamani. Na mawimbi ya wagonjwa wale yalipofika maabara, palikuwa na watu mbele ya mtambo wakiyasubiri.

Sisemi haya kwa hisia tu. Wagonjwa wa moyo wamefanyiwa tafiti kubwa, na ziwekeni mbili mezani pamoja. Ya kwanza, iitwayo Tele-HF, ilifanyika Marekani na kuchapishwa 2010. Wagonjwa 1,653 waliotoka hospitalini karibuni waligawanywa: wengine walipata huduma ya kawaida, wengine waliambiwa wapige simu kila siku kwenye mfumo unaojiendesha wenyewe, wajibu maswali kuhusu dalili zao na uzito wao. Majibu yalipitiwa na wahudumu siku za kazi. Baada ya siku 180, waliokuwa wamerudishwa hospitalini au kufariki walikuwa asilimia 52.3 kwenye kundi lililofuatiliwa, na asilimia 51.5 kwenye kundi la kawaida. Hakuna nafuu yoyote. Asilimia 14 ya waliopewa mfumo hawakuutumia hata mara moja, na kufikia wiki ya mwisho ni asilimia 55 tu waliokuwa bado wanautumia angalau mara 3 kwa wiki.

Ya pili ni TIM-HF2 ya Ujerumani, iliyochapishwa 2018, yenye wagonjwa zaidi ya 1,500. Hawa walituma uzito, presha, mchoro wa moyo na maelezo ya wanavyojisikia kila siku, na vyote viliingia kwenye kituo chenye madaktari na wauguzi, saa 24, siku zote za wiki. Wenye vipimo vinavyotia shaka waliangaliwa kwanza, walipigiwa simu, dawa zikabadilishwa. Vifo vilikuwa 7.86 kwa kila wagonjwa 100 kwa mwaka kwenye kundi hilo, dhidi ya 11.34 kwenye kundi la huduma ya kawaida, na siku walizopoteza kwa kulazwa ghafla kwa ajili ya moyo au kwa kifo, zikihesabiwa pamoja, zilipungua.

Najua wagonjwa wa tafiti hizi hawakufanana kwa kila kitu, wala vifaa havikuwa sawa, na mtaalamu wa takwimu atanikumbusha hilo. Lakini mtu aliyefanya kazi hii akisoma ripoti zote mbili, kinachomgonga machoni ni zamu. Upande mmoja vipimo vilisubiri mtu afike kazini. Upande mwingine mtu alikuwa tayari yuko kazini akisubiri vipimo.

Sasa niwaeleze jambo lililonisukuma kushika kalamu. Hospitali siitaji, na mgonjwa simtaji. Ni mzee mwenye ugonjwa wa moyo aliyeruhusiwa kurudi nyumbani na mzani, mashine ya presha na kibandiko cha kifuani. Siku anaondoka aliambiwa mbele ya mke wake kwamba kuanzia sasa hospitali inamwona saa 24. Alifurahi, na mimi nilikuwepo. Kilichokuwa kweli ni kwamba vipimo vyake vilifika saa 24. Chumba cha kuvisomea kilifungwa Ijumaa jioni na kufunguliwa Jumatatu asubuhi, kwa sababu bajeti ilinunua vifaa na haikununua zamu za wikiendi.

Uzito wake ulianza kupanda Ijumaa usiku. Jumamosi ukapanda tena. Miguu ikavimba, akaanza kulala ameegemea mito. Mke wake alitaka waende hospitali usiku uleule wa Jumamosi, tena alishavaa. Mzee akamwambia, "Mama, tulia. Wangeona tatizo wangepiga." Jumapili akasema vilevile. Jumatatu nilipofungua mfumo nilikuta mstari wa uzito umepanda kama ngazi, kila kipimo kina saa na dakika yake, na yeye mwenyewe ameshafikishwa mapokezi ya dharura, mapafu yamejaa maji, hawezi kumaliza sentensi. Alipona, lakini alilazwa siku nyingi na hakurudi kuwa kama alivyokuwa.

"Wangeona tatizo wangepiga." Waheshimiwa, naomba mkae na maneno hayo kidogo. Mzee huyu asingekuwa na kifaa chochote, angemsikiliza mke wake Jumamosi. Kifaa ndicho kilichomtuliza. Mara nyingi kwenye vikao nasikia hoja kwamba hata kama hatuna watu wa kutosha, kifaa hakiwezi kuleta madhara, ni nyongeza tu. Si kweli. Kihisi kisicho na mtu nyuma yake kinamwondolea mgonjwa ile hofu ambayo ingemwamsha na kumpeleka hospitali. Anaacha kujiangalia kwa sababu anaamini anaangaliwa, na familia yake inaacha pia. Hayo ni madhara, na yanapaswa kuhesabiwa kama tunavyohesabu madhara ya dawa.

Kuna jambo la pili linalofanana na hilo, nalo ni ukimya. Kibandiko cha kifuani huongea na simu ya mgonjwa kwa Bluetooth, na simu ndiyo inayotuma kwenye seva, yaani kompyuta inayopokea vipimo. Mnyororo huo una sehemu nyingi za kukatika. Simu imeachwa sebuleni ikichajiwa, mgonjwa amelala chumbani, kuta mbili katikati. Mwili wa binadamu una maji mengi, na maji hunyonya mawimbi ya gigahezi 2.4 ambayo Bluetooth hutumia, kwa hiyo mtu akilalia upande wenye kifaa mawimbi yanadhoofika. Jasho linainua pembe ya kibandiko. Simu inafunga programu kimyakimya ili kutunza betri. Bando limekwisha. Kila moja ni kitu kidogo cha kawaida, wala hakuna wa kulaumiwa.

Kosa liko kwenye skrini yangu. Mfumo niliowahi kuutumia ulikuwa ukionyesha kipimo cha mwisho cha kila mgonjwa kwa herufi kubwa za kijani. Oksijeni asilimia 96. Chini yake, kwa maandishi madogo ya kijivu ambayo mtu aliyechoka hayaoni, kuna saa ya kipimo hicho, na unakuta ni cha jana jioni. Yaani mgonjwa ambaye hatuna habari zake kwa nusu siku anaonekana sawasawa na mgonjwa mzima aliyepimwa dakika moja iliyopita. Wodini hakuna muuguzi anayeweza kupita kitanda kitupu na kuandika "anaendelea vizuri". Kwa nini tukubali mashine ifanye hivyo?

Naomba iwe sharti la mkataba: kipimo kikipita muda uliokubaliwa bila kufuatiwa na kingine, rangi ibadilike, jina lipande juu ya orodha, na mtu apige simu. Mara nyingi itakuwa ni betri. Siku moja haitakuwa betri.

Hapo mtaniuliza, na ni swali la haki: kengele zikiongezeka hivyo, nani atazimudu? Hilo ni tatizo la kweli, na sisi wa wodini tunalijua kuliko mtu yeyote. Mwaka 2013 Joint Commission, chombo kinachokagua hospitali za Marekani, kilitoa onyo kikieleza kwamba kati ya asilimia 85 na 99 ya kengele za mashine za wagonjwa hazihitaji hatua yoyote ya kitabibu. Katika taarifa walizopokea kati ya Januari 2009 na Juni 2012 kulikuwa na matukio 98 yaliyohusu kengele, na 80 kati yake yaliishia kwa vifo. Sikio la binadamu likipigiwa kelele za uongo usiku kucha linajifunza kutosikia. Si uzembe, ndivyo tulivyoumbwa.

Sasa chukueni kengele za wodi ya vitanda thelathini, mzipeleke kwenye nyumba elfu moja. Utafiti wa Apple Heart Study, uliochapishwa 2019, uliwafuatilia watu 419,297 kwa saa za mkononi. Waliopata taarifa kwamba mapigo yao hayana mpangilio walikuwa asilimia 0.52 tu. Inasikika ndogo, lakini ni watu 2,161, kila mmoja ameshtuka na anataka kuongea na mtu. Waliotumiwa kibandiko cha kuhakiki na wakakirudisha kikiwa na data inayosomeka walikuwa 450, na asilimia 34 kati yao ndio walioonekana kuwa na tatizo hilo la moyo katika siku walizokivaa. Tatizo lenyewe huja na kuondoka, kwa hiyo haimaanishi kwamba wengine wote walidanganywa na saa. Inamaanisha kwamba kila taarifa inazaa kazi: simu, kipimo kingine, maelezo, kumtuliza mtu. Mwenye kununua saa elfu moja amenunua pia kazi hiyo, apende asipende.

Dawa yake haiko kwenye kuzima kengele. Iko kwenye kumruhusu daktari au muuguzi anayemjua mgonjwa aweke mipaka ya kengele kwa mgonjwa huyo. Mtu mwenye ugonjwa sugu wa mapafu anaweza kuishi na oksijeni ya 89 mwaka mzima. Kwake 89 ni siku ya kawaida, na kwa jirani yake ni dharura. Mifumo mingi inakuja na mipaka ya kiwandani, na mahali pengine kubadilisha mpaka wa mgonjwa mmoja kunahitaji kuomba ruhusa kwa mhandisi wa kampuni. Huo ni uamuzi wa kitabibu uliowekwa mikononi mwa mtu asiyeujua mwili wa mgonjwa. Urudisheni wodini.

Nije kwenye jambo linalonikera kuliko yote ukiondoa lile la mzee. Kipima oksijeni hupitisha mwanga mwekundu na mwanga wa infraredi kwenye ngozi, kisha hukadiria oksijeni kwa jinsi damu inavyonyonya mianga hiyo miwili. Msingi wake ulivumbuliwa Japani na mhandisi Takuo Aoyagi katika miaka ya 1970, na umeokoa watu wasiohesabika. Lakini rangi ya ngozi nayo hunyonya mwanga. Desemba 2020 watafiti wa Michigan walilinganisha vipimo vya kidoleni na vipimo vya damu ya mshipa wa ateri. Kati ya vipimo ambavyo kifaa kilisoma 92 hadi 96, namba zinazomfanya daktari apumue, oksijeni halisi ilikuwa chini ya 88 kwa asilimia 11.7 ya vile vya wagonjwa weusi, na asilimia 3.6 ya vile vya wagonjwa weupe.

Zaidi ya mara tatu. Mtu mweusi anakosa hewa huku skrini inasema yuko salama.

Na si siri iliyofichwa mahali. Mwongozo wa mwaka 2013 wa FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ulitaka kifaa kijaribiwe kwa watu wasiopungua 10, na kati yao wenye ngozi nyeusi wawe angalau 2 au asilimia 15, kutegemea ipi ni kubwa. Watu wawili! Januari 2025 mamlaka hiyo ilitoa rasimu mpya yenye masharti makali zaidi, ikitaka watu wengi zaidi na rangi za ngozi za aina zote. Ni hatua njema, lakini vifaa vilivyopita kwenye mlango wa zamani bado viko kwenye vidole vya watu. Waheshimiwa, mnaponunua, waulizeni watengenezaji: mlikijaribu kwa ngozi zipi, watu wangapi, na kila kundi lilikosewa kwa kiasi gani? Jibu wawape kwa maandishi. Asiyeweza kulijibu hilo hajui kifaa chake kinafanya nini, na hana haki ya kuuza.

Kwenye swali la usahihi nitaongeza mambo mawili kwa kifupi, maana nimeyaona yakiingia kwenye orodha za manunuzi. Saa na pete zinazodai kupima presha bila mkanda wa kubana mkono bado hazijafika mahali pa kutegemewa. Mwongozo wa 2023 wa jumuiya ya Ulaya ya wataalamu wa shinikizo la damu haukupendekeza zitumike kugundua wala kusimamia ugonjwa huo. Na Februari 2024 FDA iliwaonya watu wasitumie saa au pete zinazodai kupima sukari bila kutoboa ngozi, kwa kuwa hakuna hata moja iliyokuwa imeidhinishwa. Mtu akipiga dozi ya insulini kwa kufuata namba ya kubuni anaweza kufa. Vihisi vya sukari vinavyobandikwa, vyenye kauzi kembamba kanakoingia chini ya ngozi, ni jambo tofauti na vimethibitishwa. Hata hivyo vinapima maji yaliyo kati ya seli, ambayo huchelewa dakika kadhaa nyuma ya damu, kwa hiyo sukari inaposhuka kwa kasi mgonjwa afundishwe kuziamini dalili zake na kupima kidole.

Kuhusu siri za wagonjwa sitasema mengi, si kwa sababu ni jambo dogo bali kwa sababu wanasheria watalisema vizuri zaidi. Niseme tu kwamba mapigo ya moyo ya mtu kwa saa 24 yanaweza kudokeza anaamka saa ngapi, analala saa ngapi, anakunywa lini, anaogopa lini. Mwaka 2018 iligundulika kwamba ramani ya mazoezi ya Strava, programu ya kurekodi mazoezi, iliyotengenezwa kwa data za watu waliovaa vifaa vyao kwa nia njema, ilikuwa ikiionyesha dunia nzima mahali wanajeshi wanapofanyia mbio ndani ya kambi zao. Kama jeshi liliumbuka hivyo, mgonjwa wa kawaida ana kinga gani? Data ya mgonjwa ibaki kuwa sehemu ya faili lake la matibabu, kwa kinga ileile ya faili, na kampuni isiwe na ruhusa ya kuiuza wala kuikabidhi kwa mwajiri au kwa bima inayotafuta sababu ya kumpandishia mchango. Akisema anataka kuvua, avue, na huduma yake nyingine isiguswe.

Kwenu wa bima nina neno mahususi, kwa sababu mnacholipia ndicho kitakachofanyika. Marekani, utaratibu wa Medicare, bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee, ulioanza 2019 ulilipia kifaa iwapo kingetuma vipimo kwa siku zisizopungua 16 ndani ya siku 30, na ukaweka malipo mengine kwa dakika 20 za kumsimamia mgonjwa kwa mwezi, zikiwemo dakika za kuongea naye. Malipo hayo ya pili ndiyo yenye akili. Kulipia vipimo vilivyotumwa ni kulipia seva ijae. Lipieni muda kati ya kengele na simu ya kwanza. Lipieni dawa iliyorekebishwa kabla mgonjwa hajalazwa. Mkifanya hivyo mtaona hospitali zinaajiri wauguzi wa zamu kwa kasi ambayo hakuna waraka wa wizara umewahi kuileta.

Na huyo muuguzi mkimwajiri, mpeni meno. Kukaa kwenye skrini saa tisa usiku, ukaona mgonjwa anajaa maji, ukawa huna ruhusa ya kumwongezea kidonge cha kukojoa bila kumwamsha daktari ambaye simu yake imezimwa, hiyo ni adhabu. Andikeni miongozo inayosema wazi: uzito ukipanda kiasi hiki na presha ikiwa hivi, muuguzi aongeze dozi kiasi fulani, apige simu tena baada ya saa kadhaa, na ikishindikana gari la wagonjwa litumwe. Awe na wagonjwa wachache anaoweza kuwajua kwa sauti. Mgonjwa ninayemjua, akinijibu "sijambo" najua kama ni kweli.

Ninachoomba kwa mwaka huu hakihitaji teknolojia mpya. Mikataba iliyokwishasainiwa ipitiwe, na kila hospitali itangaze ni saa zipi chumba chake cha ufuatiliaji kina mtu na saa zipi hakina. Palipo na pengo, wagonjwa wote wapigiwe simu waambiwe ukweli: kuanzia saa hii hadi saa hii hakuna anayeangalia, ukijisikia vibaya njoo, usitusubiri. Simu hiyo inaweza kupigwa kesho asubuhi kwa orodha tuliyo nayo tayari. Kisha zabuni ijayo ya vihisi itakapotangazwa, ratiba ya zamu za wauguzi na fungu la mishahara yao viambatanishwe humohumo, kwenye bahasha moja, na bahasha isiyo navyo irudishwe.

Nasubiri majibu yenu hadharani, kama nilivyowaandikia hadharani.

Wenu katika kazi,
Muuguzi wa zamu ya usiku, chumba cha ufuatiliaji wa wagonjwa